Kazi Haiendi: Kutafuta Chanzo Katika Nyumba ya Wageni Lamu

Malalamiko ya wenye nyumba za wageni Lamu yanafanana: wafanyakazi wavivu, hawana haraka, ukigeuka tu kazi imelala. Uvivu upo, lakini uwe wa mwisho kutafutwa, kwa sababu ukianza nao hutatafuta kingine. Fundi wa jenereta haanzi kwa kusema injini imechoka. Anatazama kwanza kama mafuta yamo. Kwa mtu pia kuna mpangilio wa kutazama: Ana vifaa? Ameambiwa nini hasa, na nani? Amewahi kuonyeshwa kwa mkono? Kuna jambo nje ya daka, yaani kibaraza cha mlangoni, linalomzuia? Yakishapita hayo manne ndipo uulize kama kazi anaitaka.

Hesabu zilizomo humu ni za nyumba ya vyumba 8 na vitanda 12, yenye wafanyakazi 10: meneja, wa mapokezi, wapishi wawili, wa vyumba wawili, wa dobi, nahodha, na walinzi wawili. Yako ikiwa kubwa au ndogo, badilisha tarakimu.

"Wanachelewa asubuhi"

Usianze na barua ya onyo. Anza na daftari. Kwa siku 14, mlinzi wa usiku aandike jina, saa ya kuingia, na safu ya tatu ambayo wengi huisahau: maji yalikuwaje wakati huo, yamejaa au yamekupwa. Siku 14 ni kwa sababu ndani yake utapata bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Wiki moja haitoshi, itakudanganya.

Kisha lisome daftari kwa kutazama nani amechelewa pamoja na nani.

Wakichelewa kwa pamoja watu wa njia moja, chanzo ni chombo. Maji husogea kwa dakika kama 50 kila siku, kwa hiyo gati ambayo leo saa moja asubuhi ina maji ya kutosha, baada ya siku saba saa iyo hiyo mashua haikaribii; abiria wanashuka mbali na kutembea kwenye tope. Na mashua ya abiria haing'oi nanga kwa saa, inang'oa ikijaa watu. Anayetoka mjini kwenda kijiji cha Shela ana kama kilomita tatu. Kwa miguu ni dakika 40 au zaidi, na anafika kwenye zamu ameshachoka. Dawa ni kumlipa nahodha mmoja kwa mwezi achukue watu wako saa maalumu, au kupanga zamu kwa jedwali la maji. Jedwali linachapishwa kwa mwaka mzima. Ukilikosa, nahodha wako atakuandikia la mwezi ujao kwa kichwa.

Akichelewa mtu mmoja, kila siku, dakika zile zile 20 au 30, hiyo ni ratiba ya nyumbani. Mara nyingi ni mtoto wa kupelekwa shule. Sogeza zamu yake nusu saa mbele, na jioni atoke nusu saa baadaye. Haikugharimu kitu. Meneja wengi hukataa wakisema wengine nao watataka, na kweli watataka. Wape wale ambao kazi yao inaruhusu, na sema wazi kwamba mpishi wa kifungua kinywa hayumo.

Akichelewa mmoja kwa siku za ovyo ovyo, tazama kwanza alitoka saa ngapi jana. Wageni wakila saa tatu usiku, vyombo vinaisha kuoshwa saa tano. Mtu huyo huyo ukimtaka saa kumi na mbili asubuhi, umemwachia saa saba za kurudi kwao, kuoga, kulala na kuja. Weka kanuni ya nyumba: kati ya kutoka na kuingia zisipungue saa 11. Na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba si hisani yako, ni Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007.

Ijumaa usiihesabu kabisa. Wanaokwenda msikitini hawapo kuanzia saa sita hadi karibu saa nane, na hilo linajulikana tangu mwaka jana. Ukipanga wageni sita wapokelewe saa saba ya Ijumaa, kosa ni la aliyepanga.

"Vyumba havijawa tayari saa nane"

Hapa piga hesabu kabla ya kupandisha sauti. Chumba cha mgeni anayeondoka kinachukua mtu mmoja dakika 50. Cha mgeni anayebaki, dakika 25. Siku wanapoondoka vyumba vitano na kubaki vitatu, ni 250 na 75, jumla dakika 325. Wafanyakazi wawili wanaigawana, kila mmoja dakika 163 hivi, ambazo hazifiki saa tatu. Wakianza saa nne wanamaliza saa saba kasorobo. Kuna zaidi ya saa nzima ya akiba. Kama saa nane vyumba bado havijawa tayari, kuna mahali dakika zinavuja, na mahali hapo huonekana kwa macho.

Chukua saa, simama mlangoni pa chumba kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, usisaidie, usiseme neno. Andika kila mara mtu anapotoka chumbani na alichokwenda kutafuta. Katika nyumba za ghorofa tatu jibu la kwanza ni ngazi. Stoo iko chini. Sabuni ya mgeni imesahaulika, anashuka. Karatasi ya choo, anashuka. Foronya moja imepungua, anashuka. Ngazi za nyumba ya kale ni nyembamba na za mwinuko, safari moja ni dakika nne kwenda na kurudi. Safari nne kwa chumba ni dakika 16, na kwa vyumba vitano ni 80, yaani 40 kwa kila mmoja wa wale wawili. Hiyo ni zaidi ya nusu ya ile akiba yako. Weka kikapu kimoja kwa kila ghorofa, kinachojazwa jioni na aliye zamuni, na karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko: foronya 4, taulo 4, sabuni 4, karatasi za choo 4, matambara 3, dawa ya choo chupa 1, balbu 1.

Jibu la pili ni mashuka. Kila kitanda kinataka seti tatu: moja kitandani, moja kwenye kamba, moja stoo. Kwa vitanda 12 ni seti 36. Wenye nyumba wengi hununua 24, kisha wanamlaumu wa dobi. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu, sabuni inaingia nyingi na kusuuza kunakuwa mara mbili. Masika yakishuka, Aprili na Mei, shuka lililoanikwa juu paani asubuhi linaweza kuonja jua nusu saa tu siku nzima. Hapo hata seti tatu hazitoshi, ongeza ya nne au nunua kikaushio. Mtu hawezi kutandika shuka lenye unyevu, na akilitandika utalisikia kwa mgeni.

Jibu la tatu ni mpangilio wa mkono wenyewe, na hili linahitaji kuonyeshwa. Nyumba ya mawe haitulii. Chokaa inamwagika unga kidogo kidogo, na boriti za dari zinadondosha vumbi. Anayetandika kitanda kwanza kisha akapangusa zidaka (vishubaka vya ukutani), atakikung'uta kitanda tena. Kwa hiyo kazi inatoka juu kuja chini: ondoa mashuka machafu, acha godoro limefunikwa kwa shuka la zamani, fagio refu kwenye boriti, zidaka kwa tambara kavu, si la maji, maana chokaa ikiloa inashika kama uji, chandarua ikung'utwe dirishani na kufungwa fundo juu, choo na bafu, kisha kitanda, sakafu mwisho, ukirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mfundishaji afanye chumba kimoja yeye mwenyewe, cha pili wafanye pamoja, cha tatu asimame atazame. Kumwambia mtu "safisha vizuri" hakujawahi kumfundisha yeyote.

"Nikiwepo inaenda, nikiondoka inalala"

Hili ndilo linalowasumbua zaidi wenye nyumba wanaoishi Nairobi au Ulaya, na karibu kila mara tatizo si kwamba watu wanaogopa jicho la bwana. Ni kwamba bwana ndiye ratiba. Yeye ndiye anayekumbuka kwamba Jumanne gesi inabadilishwa, kwamba wageni wa chumba cha juu hawali kaa wala kamba. Akipanda ndege pale Manda, kumbukumbu imeondoka naye.

Pima hivi: mwulize kila mfanyakazi, peke yake, maswali matatu. Kesho asubuhi kazi yako ya kwanza ni ipi? Bomba likipasuka usiku unampigia nani? Nani anaweza kukwambia uache kazi uliyo nayo ushike nyingine? Majibu ya swali la tatu yakitaja watu watatu tofauti, yaani mwenye nyumba, meneja, na shemeji wa mwenye nyumba anayepita kunywa chai, umepata ugonjwa. Mpishi aliyeambiwa na watatu hufanya la mwenye sauti kubwa, au husubiri. Kusubiri huko ndiko unakokuita uvivu.

Kila mtu awe na mkubwa mmoja, na jina hilo liandikwe. Mwenye nyumba akitaka jambo, amwambie meneja, hata kama mpishi amesimama mbele yake. Ni vigumu kuliko inavyosikika, hasa kwa aliyezoea kuagiza chai yake mwenyewe jikoni.

Kisha mpe meneja uwezo wa fedha. Meneja asiyeweza kununua koki ya bomba bila kupiga simu si meneja, ni mlinzi wa mchana. Kwa nyumba ya ukubwa huu, KSh 5,000 kwa jambo moja na KSh 20,000 kwa wiki zinatosha, dhidi ya risiti. Zaidi ya hapo aulize. Ubao wa kazi uwekwe jikoni, ambako kila mtu hupita, wala si mapokezi ambako unaonekana na wageni. Uwe na kazi za kila siku, za wiki na za mwezi, na jina mbele ya kila moja. Kazi isiyo na jina haina mwenyewe.

"Nimeandika kwenye grupu, hakuna aliyefanya"

Grupu la WhatsApp lina watu 10, na agizo linalokwenda kwa watu 10 kila mmoja analiachia wenzake tisa. Agizo lazima liwe na jina, kitu, saa na jibu: "Mwanaidi, taulo 6 chumba cha 4, kabla ya saa tisa, ukimaliza andika tayari." Sauti za dakika tatu zinazotumwa saa tano usiku hazisikilizwi, na asiye na bando hazifunguki kabisa. Nunua bando la wiki kwa wale wanaotakiwa kujibu, au usiwategemee kwa simu.

Tenganisha magrupu mawili: la kazi, na la salamu, misiba, harusi na picha za watoto. Ukikataza hilo la pili litahamia la kwanza.

Na usimkemee mtu grupuni. Lamu ni mji mdogo. Mpishi wako ni binamu wa nahodha wako, na mlinzi ameoa kwao. Neno la aibu uliloandika asubuhi limefika barazani kabla ya adhuhuri, na hutamwudhi mmoja, utawaudhi watatu. Baada ya hapo kazi inapungua kwa wote na hutajua kwa nini. La kusifu liweke grupuni. La kurekebisha liende ana kwa ana, mlango umefungwa, na kwa aliyekuzidi umri anza na shikamoo hata kama wewe ndiye mkubwa wa kazi.

"Jikoni wamenuna, wa mashua anacheka"

Tazama bakshishi. Nahodha na wa mapokezi wanaonekana na mgeni. Wa dobi na mlinzi hawaonekani. Bakshishi ikikaa mkononi mwa anayeonekana, nyumba inagawanyika. Kinachofanya kazi ni kasha lenye kufuli mapokezi, linalofunguliwa mara moja kwa mwezi mbele ya watu wawili ambao si meneja, na kugawanywa kwa siku za kazi. Kwa mfano kasha limetoa KSh 31,200 na siku za kazi za wote kwa jumla ni 240: kila siku ni KSh 130. Aliyefanya siku 24 anapata 3,120, wa siku 18 anapata 2,340. Karatasi ya hesabu ibandikwe ukutani. Sisi tunapendelea kile alichopewa mtu mkononi kwa jina lake kibaki chake, maana ukimlazimisha kukitoa utamfundisha kukificha. Ya M-Pesa isipite simu ya meneja hata siku moja. Iingie kwenye Till ya nyumba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo, iandikwe, itolewe taslimu, itiwe kashani.

Kununa kwingine hutoka kwenye mshahara wenyewe. Aliyeajiriwa kwa KSh 20,000 anakatwa SHIF (bima ya afya ya serikali) ya asilimia 2.75, yaani 550, na ushuru wa serikali wa nyumba za gharama nafuu wa asilimia 1.5, yaani 300, na NSSF (akiba ya uzeeni) juu yake. Asipopewa karatasi inayoonyesha kila kilichokatwa, atajua kwamba umekula wewe. Mpe karatasi.

Glasi zilizovunjika nazo: sheria inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa uharibifu wa makusudi. Trei iliyoteleza kwenye ngazi si makusudi. Ingiza KSh 3,000 za vyombo kwenye bajeti ya mwezi na usahau.

"Kila mwezi wanaomba advansi"

Makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara, lakini ukifika hapo umeshachelewa: mtu anayepokea theluthi moja mwisho wa mwezi anafanya kazi ya deni, na kazi ya deni haina mwendo. Weka kikomo cha theluthi moja, siku moja tu ya mwezi, tarehe 15, kwa sahihi. Nje ya hapo ni ugonjwa na msiba peke yake. Januari shule zinapofunguliwa na kabla ya Idi wote wataomba. Andaa fedha mapema.

"Ramadhani kazi inashuka"

Inashuka baada ya saa nane mchana. Kazi nzito zote, za kubeba maji, kufua, kupanda ngazi, zihamishie kati ya saa moja na saa tano asubuhi. Anayefunga asishike jiko la chakula cha mchana ikiwa yupo asiyefunga, na kuanzia saa kumi na mbili kasoro apumzike hadi baada ya kufuturu. Wasiofunga watachukua jioni hizo, nao walipwe kwa mapumziko katika siku zao za Krismasi, ambazo ndizo siku nyumba imejaa. Kwa hiyo andika makubaliano hayo mapema. Mwezi huo unarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na 2026 ulianza Februari, kaskazi ingali inavuma na wageni bado wapo. Maulidi ya Mfungo Sita ni kinyume: mji umejaa, nyumba imejaa, na kila mtu anataka ruhusa. Ruhusa zigawanywe nusu kwa nusu, kwa kura, wiki nne kabla.

"Wazuri wanaondoka, wabaya wanabaki"

Angalia unachofanya kuanzia Aprili hadi Juni. Nyumba ikifungwa na watu kuambiwa "tutakuita", mpishi mzuri anapata kazi Watamu kabla ya mwezi kwisha, na asiyetakiwa popote anakusubiri. Likizo ya mwaka, siku 21 za kazi kwa malipo kamili, ipangwe hapo. Wiki zinazobaki ni za chokaa, kubadilisha makuti, kushona vyandarua, na kumfundisha wa vyumba kazi ya mapokezi. Likizo bila malipo ni ya kukubaliana kwa maandishi, si ya kuamrisha. Na wale unaowaita vibarua mwaka mzima: kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazotimia mwezi, sheria inamhesabu kama mwajiriwa wa mwezi, uandike usiandike.

"Nimetazama yote, ni huyu mmoja tu"

Vifaa anavyo, amri ni moja, ameonyeshwa, nyumbani kuko salama, na bado. Mwite baada ya alasiri, kazi zikiwa zimetulia. Taja matukio matatu kwa tarehe, siyo tabia: "Tarehe 3 hukuja na hukupiga simu", si "wewe hujali". Nyamaza asikie, kisha asikilizwe. Mara nyingine hapa ndipo linatoka jambo ambalo daftari halikuonyesha, miraa za usiku, au mume mgonjwa. Afikiane nawe jambo moja la kupimika, kwa siku 30, na muonane kila Jumatatu dakika kumi.

Siku 30 zikipita bila mabadiliko, fuata sheria hatua kwa hatua, maana aliyefukuzwa isivyo haki anaweza kulipwa hadi mishahara ya miezi 12. Mweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake aliyemchagua mwenyewe; sikiliza utetezi wake na wa mwenzake; andika; ndipo uamue. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28 au malipo yake. Mlipe siku alizofanya na likizo ambayo hajaichukua, mpe cheti cha utumishi hata kama mmeachana vibaya. Usimfukuze kwa WhatsApp. Funguo za stoo zihesabiwe mbele ya watu wawili siku iyo hiyo, na yule mzee wa kwao aliyemleta kazini apigiwe simu na wewe kabla hajasikia barazani.